Pini Kwenye Unyayo wa Taratibu

Mtu aliyeendesha magari ya kasi kuliko yote mjini aliitwa Taratibu. Jina hilo hakupewa na wazazi wake. Alilipata kazini, kwenye duka la magari ya kifahari, ambako kazi yake ilikuwa kuyajaribu magari mapya na kuwatembeza wateja waliotaka kuyaonja kabla ya kununua. Mteja akishakaa kwenye usukani, mikono ikimwasha, mguu wake ukiitafuta pedeli ya mafuta kama mtu anayetafuta ndara gizani, marehemu huyu alimwekea kiganja begani na kumwambia, "Taratibu, ndugu yangu. Gari halijakujua bado." Wenzake wakacheka, wakamwiga, jina likaganda. Hata mke wake, mshonaji aliyekuwa na chumba cha cherehani mbele ya nyumba yao, alimwita hivyo siku za hasira. Siku za amani alimwita baba watoto.

Kila gari jipya alilianza kwa njia moja. Alilizunguka, akaliwekea mkono kwenye boneti, akasali maneno mafupi kwamba Mungu amrudishe salama yeye na kila atakayekuwa mbele ya gari lile. Kisha aliingia, akavua viatu na soksi, akavisukuma chini ya siti ya abiria, akaweka unyayo mtupu juu ya pedeli. Mwanzoni walimcheka. Gari la bei ya ghorofa, na dereva peku!

"Kiatu ni ukuta," aliwajibu. "Mguu wa kulia ndio sikio langu. Nani anasikiliza redio huku amejiziba sikio?"

Jioni alirudi nyumbani akitembea, kwani yeye mwenyewe hakuwa na gari. Kinyozi hajinyoi. Alivua viatu mlangoni, akaketi kwenye benchi la wateja katika chumba cha cherehani, na mke wake akaendelea kushona huku akisikiliza habari za siku.

"Leo nimeendesha jumba," angesema. "Lile jeusi refu. Ukifunga mlango, mtaa mzima unanyamaza kama darasa mwalimu akiingia. Shimo unaliona kwa macho, lakini mwili haupati habari. Nimemwambia bosi amuuzie mtu mwenye mengi ya kuwaza. Mwenye haraka atasinzia."

Siku nyingine ilikuwa zamu ya gari jekundu la milango miwili. "Kuliingia tu ni adhabu. Unajikunja kama unayechungulia chini ya kitanda. Lakini ukishakaa, mama watoto, umekalia barabara yenyewe. Ukikanyaga jani unajua ni jani. Kwenye kona haliyumbi, linakata kama mkasi wako mpya. Na injini iko mgongoni, inakunong'oneza, twende, twende. Lile gari litamtia mtu dhambini."

"Na wewe lilikunong'oneza?"

"Liliniambia. Nikaliambia taratibu."

Na la umeme, lilipokuja la kwanza, alilieleza akijipapasa kifua. "Halikohoi wala haliguni. Unakanyaga, unakuta umeshafika na moyo umeuacha nyuma. Ni kama kugombana na mtu mpole. Hujui amekasirika saa ngapi."

Mke wake alikata uzi kwa meno. "Haya, wewe una farasi mia tano, mimi nina sindano moja. Lakini mboga ya leo imeletwa na sindano."

"Ndiyo maana nilikuoa. Farasi wanakula sana."

Mke huyo hakuwahi kupanda hata gari moja kati ya hayo. Magari ya watu hayapakii wake za madereva. Lakini aliyajua yote. Wakati mwingine gari la kifahari likipita mtaani, alisimamisha cherehani, akasikiliza, akawaambia wateja wake, "Hilo linapiga kifua, lakini kwenye kona ni jinga." Wateja wakatazamana.

Nyumba ya mshonaji ina adhabu yake, nayo ni pini. Mke wa Taratibu alifagia asubuhi na jioni, akapitisha sumaku chini ya meza na pembeni ya benchi, lakini haikosi moja itakayojificha. Na kwa kuwa mume alipenda kutembea peku, pini ile humpata yeye. Hapo ndipo mtaa ulipomsikia mtu mpole akilia kama amechinjwa.

"Aiii! Mama watoto, umeniua!"

Jirani wa upande wa pili wa ukuta, mama mnene mwenye sauti ya kuuzia samaki, alikuwa na jibu lake siku zote. "Poleni na msiba!" Na pande zote mbili za ukuta watu walicheka.

Kisha kilio kile kikakoma. Ilipita wiki, ukapita mwezi, jirani akauliza, "Siku hizi hamfi?" Mke wa Taratibu akajibu kwa fahari kwamba amepata sumaku kubwa, sasa sakafu yake hata mtoto angeilamba. Hakuwaza zaidi ya hapo. Mume wake alikuwa na sukari kwa miaka, aliipachika jina la mgeni asiyeaga, na vidonge alivimeza siku alizovikumbuka. Lakini alikuwa na nguvu, alikula, alisali, alikwenda kazini. Nani angeuliza kwa nini mtu halii?

Ndipo likaja gari la kijivu.

Lilikuwa limeagizwa na mwanamke mmoja mkandarasi wa majengo, mtu wa kofia ngumu na buti, aliyekuwa amelisubiri muda mrefu. Alitaka vitu viwili ambavyo kwa kawaida havikai nyumba moja. Alitaka injini ya kumtoa eneo moja la ujenzi hadi jingine kabla mafundi hawajalala, na alitaka siti ya nyuma ya kumbeba mama yake, bibi kizee aliyevunjika nyonga, bila kumuumiza njia nzima ya kwenda hospitali. Taratibu akalizunguka gari, akasali, akavua viatu, akatoka nalo.

Aliporudi, bosi na fundi walikuwa wakimsubiri uani. Fundi alikuwa mtu wa makamo, mwenye kompyuta ya kupimia magari aliyoibeba kifuani kama mama aliyebeba kichanga.

"Lina kifua kipana," Taratibu alisema. "Gia zinaingia bila kubisha hodi. Usukani unaitika kabla hujamaliza kuita. Nyuma, bibi atalala. Lakini breki imekufa."

"Imekufaje?" bosi akashtuka.

"Gari linasimama, lakini haliniambii kwamba linasimama. Nakanyaga pamba. Hili sitampa mtu."

Fundi akaunganisha kompyuta yake, akapima diski, akapima mafuta ya breki, akaliendesha mwenyewe mara mbili kuzunguka ua. "Breki ni nzima, mzee wangu. Kila namba iko mahali pake."

"Namba hazina unyayo, fundi."

Kwa miaka yote bosi hakuwahi kumwona Taratibu akikosea. Aliwahi kusema gurudumu moja linalalamika, likafunguliwa, likakutwa na kasoro kweli. Kwa hiyo bosi akalizuia gari, akampigia mkandarasi simu kumwomba radhi, akaletewa jingine la aina ileile kutoka tawi la mji mwingine. Taratibu akalijaribu. Pamba. Baadaye akapewa lile jumba jeusi, alilokuwa amelisifia kwa mke wake, alipeleke kuoshwa tu. Hilo nalo pamba.

"Watengenezaji wa siku hizi wanabana," akasema akishuka. "Wanatupa ngozi nzuri, wanatuibia kwenye breki."

"Au magari yamefanya kikao," fundi akasema, "yakaamua kukununia."

Uani wote walicheka, na Taratibu akacheka nao. Hakuna aliyetazama chini. Tairi la mbele lilikuwa limeupita mstari mweupe wa kuegesha, likasimama mbele ya kiti cha mlinzi kama mbwa anayenusa. Mlinzi peke yake ndiye aliyeona, na mlinzi alidhani ni mzaha.

Wakakubaliana na mkandarasi aje na mama yake. Taratibu angewatembeza yeye mwenyewe, awapeleke hadi barabara ya mteremko inayoshuka kwenye shule, awaonyeshe kwa vitendo jinsi breki isivyosema, ili mteja achague kwa macho yake kulikataa gari au kulichukua. Jioni ya kuamkia siku hiyo alimweleza mke wake mpango wote, kidogo kwa majivuno.

"Nitaliachia kwenye mteremko, kisha nikanyage. Atasikia mwenyewe."

"Na bibi kizee nyuma?"

"Na bibi kizee nyuma. Yeye ndiye shahidi."

Walikuwa na desturi ya kusali pamoja kabla ya chakula, wakipiga magoti hapohapo kwenye chumba cha cherehani, yeye mbele akiegemea benchi, mke wake nyuma karibu na mashine, kwa sababu chumba kilikuwa kidogo. Taratibu hakuwa mtu wa sala fupi isipokuwa kwenye boneti. Nyumbani aliwapitia watoto wao mmoja mmoja, waliooa na walioolewa, akawapitia wagonjwa wa mtaa, akampitia bosi, na jioni ile akampitia mkandarasi na nyonga ya mama yake. Mke wake akafumbua macho. Hakuwa amepungukiwa na imani, ila alikuwa amebandika maziwa jikoni, na maziwa hayasubiri amina.

Hapo akaziona nyayo za mume wake. Mtu akipiga magoti, nyayo zake humtazama aliye nyuma. Kwenye unyayo wa kulia, chini kidogo ya kidole gumba, palepale pedeli inapogusa, palikuwa na kichwa cha pini. Kijani. Pini ilikuwa imezama yote, kichwa tu ndicho kilichobaki nje kama kifungo, na pembeni yake tone la damu lililokwisha kukauka.

Akadhani amekosea. Akainama kutazama vizuri. Wakati huohuo mume wake akajisogeza, akauegemeza mguu uleule sakafuni, pini ikagonga saruji, na sauti yake haikutetereka hata kidogo. "Na kesho, ee Mungu, utulinde na ajali, sisi na watoto walio barabarani..."

Mke wake akakumbuka mteremko. Akakumbuka shule iliyo chini yake. Akakumbuka pamba, magari matatu yote pamba, na sumaku yake kubwa aliyoisifia kwa jirani. Sala ikaisha, akashindwa kuitika. Jikoni maziwa yakachemka na kumwagikia jiko, harufu ikawafikia, wala hakuinuka.

"Mama watoto, huitiki? Na maziwa?"

"Usisimame," alisema. "Kaa hivyohivyo."

Akashika unyayo wake kwa mkono wa kushoto kama anavyoshika upindo wa nguo, akaivuta pini kwa kucha. Ilitoka polepole. Alikuwa akimtazama usoni, akingoja kilio. Taratibu alikuwa akitazama moshi wa maziwa.

"Unanifanyia nini huko? Unanifuta vumbi?"

Akamwonyesha pini kiganjani. Mume akaiangalia, akamwangalia yeye, akageuza mguu wake kwa mikono miwili na kuutazama kama barua aliyoletewa ya mtu mwingine. Kisha akajiketisha sakafuni, mgongo kwenye benchi.

"Basi si magari," akasema.

"Si magari, baba watoto."

"Nimeviita maiti vitu vya watu, kumbe maiti ni mimi."

"Ni mguu. Wewe hujafa."

"Mguu ndio mimi." Alisema hivyo bila hasira, kama mtu anayetaja kabila lake. Mke wake akatoka kuokoa maziwa yaliyobaki, na kwa kweli alitoka ili amwache kidogo. Aliporudi alimkuta ameshasimama, na kwenye uso wake ameweka ule utulivu wa kazini.

"Nimefikiri," alisema Taratibu. "La kesho nitalimaliza. Ni watu wazito, wameshapangiwa. Nitavaa viatu kama madereva wengine. Wangapi wanaendesha na viatu, hawasikii kitu, na wanafika? Kesho kutwa nitakwenda hospitali, kisha nitamwambia bosi."

Mke wake alijua akimbishia atashindwa. Kwa maneno mume wake alikuwa bingwa, ndiyo maana alilipwa. Akavuta kiti cha cherehani.

"Kaa hapa. Nipigie mstari mmoja."

"Sasa hivi?"

"Mmoja tu. Zamani si ulikuwa unanisaidia pindo za sare za shule? Nilikufundisha nini?"

"Usitazame mguu, tazama sindano."

"Haya."

Akaketi. Ilikuwa cherehani ya zamani, ya kukanyaga kwa miguu, na chuma cha pedeli yake kilikuwa kimelainika kwa nyayo za mke wake. Akaweka kitambaa chini ya sindano, akaweka mguu wa kulia, akaanza. Mashine ikaenda hatua mbili, ikarudi nyuma, ikakwama. Akaanza tena. Mguu ulikuwa umekwenda pembeni, kidole gumba kikikanyaga hewa, na yeye hakujua. Uzi ukakatika. Mke wake akautunga tena. Mara ya tatu mashine iliitika, tik tik tik, mwendo mzuri, na mke wake akatazama na kuona sababu. Alikuwa ameinamisha kichwa, anautazama mguu wake, akiuendesha kwa macho kama mtu anayemwongoza kipofu. Juu ya meza, kitambaa kilikuwa kikienda kinakotaka. Mstari ulitoka nje ya upindo, ukapinda, ukashona hewa.

Akaacha kukanyaga. Wote wawili wakautazama mshono ule.

"Kesho nitatazama nini?" aliuliza kwa sauti ndogo. "Mguu, au watoto wanaovuka?"

Mke wake akakitoa kitambaa chini ya sindano. Swali lilikuwa la mume wake, naye alikuwa ameshalijibu mwenyewe.

Ng'ombe akivunjika mguu malishoni, hukimbilia zizini. Usiku ule mtu ambaye kila mara aliwatuliza wengine alijilaza mapajani kwa mke wake akalia, si kwa sauti ya pini, bali kimya, kama lile gari jeusi. Asubuhi aliamka, akanyoa ndevu, akavaa viatu, akafunga kamba vizuri.

"Twende wote," akamwambia. "Nikisema peke yangu nitayapamba."

Hivyo ndivyo mke wa Taratibu alivyoingia kwa mara ya kwanza kwenye lile duka la vioo, ameshika mkoba wa nguo, ameogopa kukanyaga sakafu inayong'aa. Magari aliyoyajua kwa maneno yalikuwa yamesimama pale. Alilitambua jekundu kabla hajaonyeshwa, akaona kweli mtu angejikunja kuliingia. Bosi alitoka ofisini akitabasamu. Fundi alikuwa anafuta kioo cha gari la kijivu.

Taratibu hakuketi. "Bosi, na wewe fundi, nisikilizeni mara moja, kisha mnicheke. Magari ni mazima yote matatu. Aliyekufa ni mguu wangu. Sukari imeula, pini imeingia yote sikusikia. Nimekuzuilia mauzo, bosi, na nimewasingizia waliotengeneza. Na wewe fundi, mashine yako ilisema kweli nikaitukana."

Fundi aliendelea kufuta palepale alipokwisha kufuta.

"Mimi niliongea mambo ya kikao," fundi akasema mwishowe. "Mzee wangu, nisamehe. Ningekuuliza wewe unaendeleaje, badala ya kuliuliza gari."

"Ulikuwa mzaha mzuri. Usiufute."

Hawakuwahi kumaliza. Mkandarasi aliingia na buti zake, amemshika mama yake mkono, bibi kizee mwembamba mwenye fimbo na macho makali. Bosi akaanza maneno ya kuzunguka, kwamba kumetokea mabadiliko madogo. Taratibu akamkatiza kwa adabu, akarudia yote mbele ya mteja, kutoka pini mpaka mshono. Mke wake aliona jinsi alivyosema kwa ukavu, bila kupamba, na moyo wake ukauma kwa fahari.

Mkandarasi akaminya midomo. "Kwa hiyo nimesubiri zaidi kwa sababu ya mguu wako?"

"Ndiyo, mama."

"Na leo ulikuwa utuendeshe mteremkoni?"

"Nilikuwa niwaendeshe."

Bibi kizee akagonga fimbo. "Mficha maradhi, kilio humfichua. Huyu hakuficha. Mwanangu, acha kununa, twende tukapande gari, nyonga yangu haipendi kusimama."

Fundi akashika usukani. Mkandarasi akakaa mbele. Nyuma wakaingia bibi kizee, mke wa Taratibu katikati, na Taratibu dirishani. Kabla hawajaondoka alifungua mlango tena, akashuka, akachechemea hadi kwenye boneti, akaweka mkono, midomo ikacheza kidogo, akarudi. Hakuna aliyemharakisha.

Gari likatoka. Mtaa ukanyamaza, kama darasa. Mke wa Taratibu akajikuta ameshika mkoba wake kwa nguvu, kisha akaulegeza kidole kimoja kimoja.

"Haya," mkandarasi akasema bila kugeuka. "Nilikuja kusikia maneno ya Taratibu. Nani ataniambia likoje?"

"Mgongo wangu bado uko kazini, mama. Hapa tumepita kwenye matuta matatu. Umeyasikia?"

"Moja."

"Basi siti yako inakudekeza. Kule kwenye majengo itakufaa." Walikuwa wamefika juu ya mteremko, na chini ilionekana shule, na watoto wawili wamesimama ukingoni mwa barabara wakisubiri. Taratibu akamgeukia mke wake. "La breki siwezi kusema. Fumba macho, mama watoto. Niambie wewe."

"Mimi najua nini?"

"Fumba tu."

Akafumba. Gari likashuka, likaongeza mwendo. Kisha kitu fulani kikaja kutoka chini, hakikushtua wala hakikuvuta, kikamjia mabegani na magotini kwa pamoja. Gari likasimama. Akafumbua macho akawaona watoto wale wanavuka, mmoja akiburuza mfuko wake.

"Halikamati," akasema. "Linapokea. Kama mkono wangu nyuma ya mashine mshono ukifika mwisho. Sikivuti kitambaa. Nakipokea."

"Linapokea," Taratibu akarudia.

"Liko hai, baba watoto. Tangu mwanzo lilikuwa hai."

Taratibu aligeuza uso dirishani akautazama mtaa muda mrefu. Bibi kizee, aliyekuwa kimya tangu watoke, akasema, "Mimi nyonga yangu imenyamaza. Sijui mengine." Na mkandarasi akacheka kwa mara ya kwanza, akamwambia fundi, "Rudi dukani, nikaweke sahihi."

Hospitali ilithibitisha kile pini ilichosema. Sukari ilikuwa imeua mishipa ya fahamu ya nyayo, wa kulia zaidi, na daktari alisema wangechelewa kidogo angekatwa mguu. Taratibu hakuendesha tena, hata baiskeli. Bosi hakumwacha. Alimweka siti ya abiria, viatu miguuni, na wateja waliendelea kuja kumsikia akisema kwa mgongo wake na kwa masikio yake. Alisema mwenyewe kwamba hapo ndipo alipoanza kuona barabara, maana zamani alikuwa na shughuli nyingi. Nyumbani alivaa ndara mpaka ukingoni mwa kitanda, na kila jioni kabla ya sala mke wake alizishika nyayo zake, akazigeuza kwenye mwanga, akazikagua kama nguo inayokwenda kwa mteja.

Mungu alimpa miaka kadhaa ya namna hiyo. Alifia kitandani, asubuhi, mkewe yupo. Hakuondoka na mtu. Katika miaka yote ya mwendo ule, kila aliyekaa kwenye gari lake alifika, na kila aliyekuwa mbele ya gari lake alivuka. Kuna watu wakubwa waliozikwa kwa hotuba ambao hilo halisemeki juu yao. Mwenyezi Mungu, aliyemwekea pini mahali pa kuonekana, amlaze pema.

Matanga yalipokwisha na watoto wakarudi makwao, mama yao alirudi kwenye cherehani, kwa sababu mtaa hauachi kuvaa. Alifagia kama kawaida, akapitisha sumaku, ingawa hakukuwa tena na mtu wa kutembea peku. Siku moja ndara zake zilikuwa zimelowa, akaziacha uani, akaingia kuchukua mkasi. Ikampata chini ya kisigino.

"Aiii!"

Ng'ambo ya ukuta, jirani aliitika kabla ya kufikiri. "Poleni na ms..." Neno likamfia mdomoni. Kisha sauti ile nene ikaja, ndogo kuliko ilivyowahi kuwa. "Nisamehe, dada. Mdomo umezoea."

Mke wa Taratibu alikuwa ameketi kwenye benchi la wateja, mahali pa mume wake, pini mkononi, mguu unapwita kweli kweli, machozi yanamtoka, wala hakujua ni ya pini au ya msiba.

"Usiombe radhi," akajibu. "Imeniuma."

"Pole."

"Usinipe pole. Imeniuma sana, namshukuru Mungu." Akaipangusa pini kwenye khanga, akaichomeka kwenye kimto chake pamoja na nyingine, akavuta kiti, akaweka mguu uleule juu ya pedeli.